Tundu la Rangi

Ebu kaa. Hapo hapo kwenye mkeka, mgongo uupe ukuta, maana hii si ya kusikiliza umesimama mlangoni kama unayedai kuku wako. Tulia, sikiliza.

Ilianza na unyevu. Alama ya mviringo tu, kama mtu kaweka chungu cha maji sakafuni halafu kakiondoa. Sasa fikiria, ni kiangazi, bwawa la mji limebaki tope, watoto wanaokota vyura waliokauka, halafu ndani ya nyumba ya Chuen, katikati ya sakafu ya chokaa, kuna doa bichi. Linatokea jua likiwa utosini. Jioni limekauka. Kesho mchana lipo tena.

Siku ya kwanza Chuen alilipangusa kwa mguu, akasema mtoto kamwaga uji.

Huyu Chuen alikuwa mchora vyombo pale mtaa wa wafinyanzi, na usimchukulie poa. Watu walimtania kwamba akichora pilipili kwenye sahani, mlaji anapiga chafya. Kuna mjomba mmoja alikuja kwenye sherehe kalewa, akanyoosha mkono achukue bata mzinga wa kuchora, akavunja chombo cha watu. Ndiyo mkono aliokuwa nao jamaa.

Mkewe, Sihom, alikuwa amekufa kwa homa. Miezi miwili imepita, ile yetu ya siku ishirini. Walimzika kama tunavyozika sote, ndani ya nyumba, chini ya sakafu, akae na watu wake. Mdomoni wakamtia unga wa mahindi na ushanga wa kijani. Usoni wakamfunika bakuli, na kitako cha bakuli lazima kiwe na tundu. Hilo tundu ndilo kila kitu. Pumzi ya marehemu inapanda, inapita pale, inashika njia yake. Bila tundu, basi, watu wetu hata hawaongelei.

Nyumbani wakabaki watatu: Chuen, mama mkwe wake Ix Tunich, na mtoto Muyal, wa miaka mitatu, mwenye maneno kuliko kasuku.

Ni Ix Tunich aliyemkuta mtoto pale kwenye doa. Alikuwa nje anaosha mahindi yaliyolala kwenye maji ya chokaa yalainike, akasikia mtoto anacheka ndani, kile kicheko cha kutekenywa. Akachungulia. Muyal alikuwa amelala kifudifudi, shavu juu ya lile doa. Bibi akamuuliza anafanya nini. Mtoto akasema mama anampuliza sikioni.

Bibi wa watu akalia, akachoma ubani. Alidhani ni baraka, binti yake bado anamkumbuka mwanawe. Hata jirani zake aliwasimulia, na wao wakaleta maua.

Siku ya tano ukaja mlio. Kik. Kimya. Kik. Kama kucha inagonga chombo kilichookwa vizuri. Na harufu nayo ikaja, lakini si ya kuoza kama unavyofikiria. Ilikuwa harufu ya udongo mbichi, baridi, ule wa chini kabisa ya shimo la mfinyanzi, na mchana kweupe, jua linachoma paa, ukiingia mle ndani unajikunja mabega kama umeingia pangoni.

Muyal akaanza kunyamaza. Kwanza maneno yakapungua, halafu uji akawa hautaki, halafu sauti ikawa nyembamba kama inatoka nyumba ya pili. Chuen alikaa naye akamtazama kifua, na hapo ndipo alipoona kitu kilichomfanya ashike nguzo ya nyumba: kifua cha mtoto kilipanda, kikashuka, kikasimama, na wakati kimesimama lile doa sakafuni likang'aa kwa maji, likafifia, kisha ndipo kifua cha mtoto kikapanda tena. Walikuwa wanapokezana. Pumzi moja huku, pumzi moja kule chini.

Hawakungoja. Chuen alimbeba mtoto mgongoni, bibi akashika mkeka, wakaenda zao kwa ndugu wa bibi ng'ambo ya bwawa, bila hata kuaga, na walipofika nyumba ya mwisho ya mtaa Chuen akahisi mzigo umelegea, akamgeuza akaona midomo imekuwa rangi ya majivu na kifua kimya kabisa, basi akarudi mbio, anapiga kona za matanuri, anakanyaga vyombo vya watu vilivyoanikwa juani, watu wanamtukana, yeye hasikii, mpaka akavuka kizingiti cha nyumba yake mwenyewe, na pale pale, mguu umegusa tu sakafu, mtoto akavuta hewa kwa mlio mkubwa kama aliyetolewa majini.

Yaani nyumba ilikuwa imemfunga kamba, na kila siku kamba ilikuwa inavutwa kidogo.

Wakamwita Ix Mukuy. Huyu ndiye aliyempokea Muyal siku anazaliwa, mganga na mkunga, mwanamke mfupi ambaye mtaa mzima uliogopa ulimi wake kuliko dawa zake. Aliingia akamwambia Chuen nyumba yake inanuka kama kwapa la chura. Akaona doa. Utani ukamwisha. Akapiga magoti, akaweka sikio sakafuni, akakaa hivyo muda mrefu mpaka jasho likamtoka puani.

"Nani alitoboa bakuli?" akauliza, taratibu, bila kuinua kichwa.

Ix Tunich akajibu kwamba ni Chuen, na kwamba tundu aliliona kwa macho yake mwenyewe siku ya maziko, jeusi, katikati ya kitako, hata ukingo wake umemeguka kidogo.

"Sijakuuliza wewe, dada. Mchoraji, nani alitoboa?"

Chuen akaangalia vidole vyake.

"Nililichora," akasema.

Mama mkwe akacheka kidogo, kama mtu aliyetupiwa mzaha usio na chumvi, kisha akaacha.

Ikabidi jamaa aseme yote. Bakuli lile alilichora kwa siku nne, na ndani yake uso wa Sihom anacheka, ule mcheko wa kuficha jino lililovunjika. Alipopewa keekee atoboe, ncha ya jiwe ilikaa juu ya uso ule, akaona akizungusha tu anamfukuza mkewe kwa mkono wake. Akaomba wamwachie dakika chache peke yake. Akachukua rangi nyeusi. Akachora tundu, akachora na kivuli chake, akachora hata ufa wa ukingoni. Kaburini mle, kwenye giza la shimo, nani angejua.

"Nilitaka akae kidogo tu, bibi," akasema.

"Kakaa," Ix Mukuy akajibu. "Ila hayuko peke yake."

Akawaeleza, kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikiwa na sakafu. Pumzi ya Sihom ilipanda ikagonga rangi, ikarudi, ikagonga, ikarudi, na kugonga kule kukasikika kwa wale wa chini, majini wanaokaa kwenye maji baridi chini ya dunia. Mmoja wao kaja, kakuta chombo kizuri, kimefungwa, kina joto. Kaingia kakaa. Sasa anataka pumzi nyingine, na iliyo karibu ni ya mtoto. Akasema zaidi ya nusu ya pumzi ya mtoto imeshaingia bakulini. Kabla jua halijazama bakuli litobolewe, la sivyo kesho watazika tena.

Wakavunja sakafu. Chuen alichimba kwa jembe la jiwe na kwa mikono, chokaa inamkata kucha, na kadiri alivyoshuka ndivyo kile kik kik kilivyoongeza mwendo, kikawa kama mvua juu ya vyungu, na harufu ya udongo ule ikapanda mpaka bibi akafunika pua kwa shuka, na mtoto amelazwa ukingoni mwa shimo, macho yamegeuka meupe, midomo inacheza bila sauti, mpaka mkono wa Chuen ukagusa kitu laini cha mviringo, chenye joto kama yai lililotoka chini ya kuku. Kitako cha bakuli. Na lile tundu lake la rangi lilikuwa limelowa, linang'aa, na rangi yake imevimba, imesukumwa kutoka ndani.

Akaweka keekee katikati ya weusi ule.

"Chuen, usinitoe," sauti ya Sihom ikasema toka chini, na midomo ya mtoto ikasema nayo, neno kwa neno.

Upinde wa keekee ukamponyoka. Ix Mukuy akashuka shimoni, akamshika viganja kwa viganja vyake, wakazungusha pamoja. Vumbi la udongo likatoka jekundu. Jiwe likazama. Upepo ukatoka kwenye lile tundu, wa baridi, mrefu, ukapeperusha majivu ya jikoni, na kule juu Muyal akavuta hewa, akakaa.

Akakaa mwenyewe, bwana. Damu imerudi mashavuni. Ix Tunich akapiga magoti, analia, anambusu miguu. Chuen akatambaa kutoka shimoni, hajui acheke au afanye nini. Mtoto akamtazama, akamshika kidevu.

"Umekonda," akamwambia. "Nani anakupikia siku hizi, Mkono-Rangi?"

Hilo jina, Mkono-Rangi, alikuwa akiitwa na Sihom tu, wakiwa wamelala wawili, hakuna mwingine anayelijua. Halafu mtoto akamgeukia Ix Tunich, akamwita mama. Mama, si bibi. Akacheka, akafunika mdomo kwa mkono, akificha jino ambalo halijavunjika.

Na chini shimoni, ndani ya bakuli, sauti ya kitoto ikaita:

"Baba. Huku giza."

Ix Mukuy alikuwa bado mle. Akachomeka kidole gumba kwenye tundu, akaliziba.

"Nisikilize," akasema. "Pumzi moja imebaki humu, sijui ni ya nani. Nikitoa kidole inaondoka moja kwa moja, hairudi, hata kama ni ya mwanao. Au nikufunulie bakuli, umfunike nalo huyo mtoto usoni, wabadilishane. Ila kama huyo hapo juu ndiye Muyal wako, karudi na maneno ya mama yake waliyochanganyika humu, na humu yumo jini anaigiza, utakuwa umemmwagia mwanao jini kwa mkono wako."

Chuen akauliza kama majini wanajua majina ya watu ya chumbani. Akajibiwa jini huyu kalala na pumzi ya mkeo siku arobaini, anajua kila kitu. Akauliza tena, kwani haiwezekani kusubiri. Ix Mukuy akamwonyesha kidole chake. Kilikuwa kimegeuka kijivu, na ukijivu unapanda mkononi.

Ix Tunich alishamkumbatia mtoto, kamfunika kwa shuka lote, na amesema kwa utulivu kabisa kwamba binti yake amerudi, na yeyote atakayemletea bakuli usoni atapita juu ya maiti yake. Ndani ya shuka mtoto anamtazama Chuen kwa jicho moja. Kule chini ile sauti ya kitoto inalia, inaomba uji.

Jua limebaki upana wa mkono juu ya mapaa ya wafinyanzi. Na wewe uliyekaa hapo mgongo ukutani, niambie, ungekuwa Chuen ungemwambia mganga atoe kidole, au ungeomba bakuli?