Hesabu Aliyoifuta Mokami

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mokami alimshika ndama huku mama yake akikamua. Zizi lao pale Nyanungu lilikuwa na ng'ombe kumi na wawili, na Mama Bhoke aliwajua wote kwa majina, kwa kuwa wengi aliwalea tangu walipozaliwa. Dumu likijaa, Bhoke, dada yake Mokami, alilipeleka mgahawani. Fedha ya maziwa ilikuwa ikiwekwa kidogo kidogo, maana Bhoke alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupata nafasi katika chuo cha uuguzi Musoma. Mokami naye alinawa miguu na kukimbilia darasa la saba.

Baba yao, Heche, hakukaa sana nyumbani. Alikuwa dereva wa malori ya watu. Akirudi safari alilala kutwa nzima, kisha akaamka na kulalamika kwamba yeye ndiye anayekesha barabarani, ila faida inakwenda kwa mwenye gari.

Jumamosi moja alirudi bila dalili yoyote ya uchovu.

"Mama Bhoke!" aliita hata kabla hajavua viatu. "Sasa nami nitajitegemea. Yule Mama Generoza wa Bomani anakodisha semi yake, kichwa pamoja na tela. Anataka milioni nne kwa mwezi, na miezi miwili ya kwanza nilipe kabisa kabla ya kuanza. Mzigo nitafute mwenyewe, na kitakachobaki ni changu."

"Milioni nane tutazitoa wapi, Baba Bhoke?"

Heche akageuza uso upande wa zizi. Mama hakuhitaji kuuliza tena. Akasema, "Ng'ombe hao ndio chuo cha Bhoke, ndio chakula chetu mvua zikikataa. Sikatai moja kwa moja. Lakini kabla hujawagusa, nionyeshe gari hilo litaingiza nini na litakula nini."

Mama hakuwa amesoma sana, na Heche hakupenda kushika kalamu. Kwa hiyo alasiri ile Heche alimwita Mokami, ambaye kwa hisabati alikuwa akiongoza darasa. Wakaketi kwenye benchi la nje.

"Andika," baba alisema. "Kwenda Dar na mahindi, milioni tatu. Kurudi na saruji, milioni tatu. Dizeli ya kwenda na kurudi, milioni tatu na nusu. Posho ya utingo, chakula na mambo ya njiani, laki tano."

Mokami alijumlisha na kutoa. "Zinabaki milioni mbili kwa safari, baba."

"Safari tatu kwa mwezi?"

"Milioni sita. Ukilipa kodi ya gari, unabaki na mbili."

Heche alicheka kwa furaha, akampiga bega. Lakini Mokami alikuwa bado ameshika kalamu. Mwalimu wao, Kornelio, aliwazoesha kuuliza swali la pili kila wapatapo jibu la kwanza.

"Baba, na ukikosa saruji, ukarudi tupu?"

"Mzigo haukosekani Dar."

Hata hivyo Mokami alihesabu. Gari tupu hunywa dizeli kidogo kuliko lenye mzigo, akaipunguza hadi milioni tatu. Jibu lilimtisha. Safari ya namna hiyo ingekula laki tano za mfukoni. Akajaribu tena: safari mbili nzuri na moja ya kurudi tupu. Zilibaki milioni tatu na nusu, nayo kodi ilikuwa nne.

"Baba, ukirudi tupu hata mara moja tu kwa mwezi, kodi haifiki. Na matairi hatujayaweka."

Uso wa Heche ulibadilika. "Futa hiyo," alisema kwa sauti ya chini. "Gari halijawashwa, wewe umeshaanza kulitabiria mabaya! Futa, mwanangu. Mama yako akiiona hiyo, tumekwisha."

Mokami alifuta.

Jioni ile mama aliishika karatasi mikononi, akatazama tarakimu ambazo hakuweza kuzifuatilia, kisha akamtazama binti yake. "Ni yote haya, Mokami? Hamkuacha kitu?"

Mokami alimwangalia baba yake. Alikuwa amesimama mlangoni, kifua mbele, kama mtu aliyekwisha kuwa tajiri. Hakuwa amemwona na furaha kama ile kwa muda mrefu.

"Ni yote, mama."

Wiki iliyofuata ng'ombe tisa walipelekwa mnadani.

Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri. Heche alirudi na saruji kila safari, akaleta godoro jipya na mkate, na fedha iliyobaki akaiweka kwa dizeli ya safari zijazo. Wanafunzi walimzunguka Mokami wakimsifia lori jekundu lililokuwa likipiga honi barabara kuu. Akaanza kuamini kwamba baba ndiye aliyekuwa sahihi.

Mwezi wa pili mvua zilikata barabara, na ilipofunguliwa malori mengi yakafika Dar kwa mkupuo. Heche akapanga foleni ya mzigo pamoja na madereva wengine. Dalali alimwambia kesho, na kesho ilipofika akamwambia kesho. Yeye na utingo wake, Felix, walikula fedha ya dizeli huku gari limesimama. Mwishowe walirudi tupu. Karibu na Shinyanga matairi mawili yakapasuka.

Alipiga simu kutoka huko. "Mama Bhoke, uza waliobaki," alisema. "Bila matairi gari halitoki hapa."

Ng'ombe watatu wa mwisho walitolewa zizini asubuhi ya siku ya shule. Ndama alilia njia nzima mpaka bondeni. Mokami hakuwa na cha kushika asubuhi ile, akasimama tu na mikono yake.

Mwezi wa tatu Heche hakuweza kulipa kodi. Yeye mwenyewe alilirudisha lori Bomani. Mama Generoza hakumgombeza. "Shemeji, hata mimi gari hili nina rejesho la benki," alimwambia. "Ningekusamehe, lakini mimi wa kunisamehe sina." Heche alirudi nyumbani kwa miguu kutoka kituoni, akakaa kwenye benchi la nje bila kusalimu mtu.

Bhoke hakwenda chuo. Alipata kazi ya kuuza duka la vitenge mjini Tarime. Siku aliyoondoka, mama alimsindikiza hadi barabarani, na Mokami akawafuata nyuma amebeba mfuko wa dada yake.

"Nisamehe, mwanangu," mama alimwambia Bhoke. "Mimi ndiye niliyekubali. Niliona ile karatasi nikadhani nimeelewa."

Maneno hayo Mokami hakuweza kuyabeba. Aliuweka mfuko chini.

"Mama, haikuwa yote. Nilihesabu safari ya kurudi tupu. Niliona hasara. Nikaifuta." Akaanza kulia. "Uliniuliza, nikakudanganya."

Bhoke alitazama pembeni. Mama hakumpiga wala hakumkaripia. Gari la abiria lilipofika alimpandisha Bhoke, akageuka, akatangulia nyumbani peke yake. Kwa siku kadhaa hakuzungumza na Mokami ila kwa mambo ya kazi. Mokami alitamani hata angechapwa.

Heche ndiye aliyeuvunja ukimya ule. "Kosa usimhesabie mtoto peke yake," alimwambia mkewe. "Mimi ndiye niliyemwambia afute. Nilitaka karatasi inikubalie, sikutaka inieleze ukweli." Ilikuwa mara ya kwanza Mokami kumsikia baba yake akikiri kosa.

Mama Generoza alimwajiri Heche kuliendesha lori lilelile kwa mshahara. Kila mwezi Heche alitoa sehemu ya mshahara kwa ajili ya Bhoke kabla hajagusa nyingine, na mwaka uliofuata Bhoke alikwenda Musoma kuanza chuo, akiwa nyuma ya wenzake kwa mwaka mzima. Zizi lilibaki tupu, likaota majani.

Kisha mtu mmoja, Ezra, alikuja na pendekezo la kumkodisha Heche lori lake la Fuso. Safari hii waliketi wote watatu, mama akiwamo. Mokami aliandika dizeli, matairi, matengenezo, siku za kusubiri mzigo, safari za kurudi tupu. Alipofika mwisho aliogopa kusema, lakini akasema.

"Ni hasara, baba."

Heche alishusha pumzi. "Basi tunamshukuru Ezra, tunamwacha." Akamgeukia binti yake. "Biashara, mwanangu, hupimwa kwa mwezi mbaya. Mwezi mzuri hauna shida na mtu. Mimi nilipima kwa mwezi mzuri."

Mama alinyoosha mkono, akamvuta Mokami karibu yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ile ya barabarani.

"Na wewe usikie," alisema. "Siku ile ulitaka baba yako aendelee kufurahi, nami nakuelewa. Lakini mtu unayempenda humfichi shimo lililo mbele yake. Unamwambia hata kama atakukasirikia. Hasira yake itapoa. Ng'ombe wangu hawatarudi."