Nukta za Saa Kumi na Mbili

Mwalimu Wegesa alikutwa sebuleni kwake, kijijini Nyangoto, Jumatatu asubuhi, amelala kifudifudi katikati ya madaftari. Jirani aliyekuja kuazima jembe alipiga yowe moja tu, na muda si muda ua ukajaa watu.

Inspekta Agustina Thadeo alifika saa mbili na nusu. Alikuwa mtu wa Ringwani, upande wa Serengeti, mwenye miaka kumi na minne katika upelelezi na tabia moja iliyowafanya wenzake wamtanie: hagusi kitu mpaka amekitazama mara tatu.

Alitazama. Jeraha lilikuwa moja, nyuma ya sikio la kushoto, pigo la kitu cha mviringo. Damu ilikuwa imekauka tangu jana yake, Jumapili, pengine mchana watu wakiwa kanisani. Shingoni hapakuwa na alama ya vidole, wala mikononi, wala popote mwilini. Makochi yalikuwa yamechanwa, rafu ya vitabu imepinduliwa, na jikoni ndoo mbili za unga zilikuwa zimemwagwa sakafuni.

Kisha kilikuwepo kitambaa cha meza. Kilikuwa kimetupwa juu ya marehemu kuanzia kiunoni, kimekaa mshazari, na mguu mmoja umebaki nje.

"Nani amemfunika?"

"Hakuna aliyemgusa, afande," alisema jirani. "Nimemkuta hivyohivyo."

Koplo Daudi, mpiga picha wa kikosi aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, alishusha kamera. "Muuaji mwenye adabu. Amemfunika bila kumwangalia."

Chumba cha kulala hakikuwa na mlango, kilikuwa na pazia la maua tu, nalo limefunguka nusu. Kutoka sebuleni Agustina alikiona kitanda kimetandikwa, shuka halina hata kunyanzi. Juu yake palikuwa na simu kubwa inachajiwa, kitaa chake cha kijani kinawaka. Mle chumbani hakuna kilichoguswa.

"Mwizi gani huyu?" Daudi aliguna. "Anamwaga unga wa watu, halafu anaacha simu ya laki sita mbele ya macho?"

Agustina alivaa glavu, akaingia, akaichukua. Ilikuwa imefungwa kwa namba sita.

*

Marehemu alikuwa na mtoto mmoja tu, Boke, aliyeolewa Matongo. Alikaa mbele ya meza ya Agustina saa tisa alasiri, kitenge kimefungwa vizuri, macho makavu.

"Namba ya siri ya simu ya mama yako unaijua?"

"Naijua."

Agustina alizoea kudanganywa, na ukweli ulimkuta hakujiandaa. "Itaje."

"Siwezi, afande."

"Boke, mama yako ameuawa."

"Najua. Nimetoka kumvalisha nguo mochwari sasa hivi."

"Basi nisaidie. Ndani ya simu kuna nini?"

Boke alitazama mlango, akauona umefungwa. "Kuna watoto," alisema.

Ulikuwa mwezi wa Desemba, shule zimefungwa, msimu wa kukeketa umeanza. Mwalimu Wegesa alikuwa amewatorosha wasichana thelathini na mmoja, mmoja mmoja, akawapeleka kwa familia zilizokubali kuwaficha. Nyumba ile haikuijua nyumba hii. Majina na mahali vilikuwa sehemu moja tu duniani, ndani ya simu ile.

"Mmoja ni wangu," Boke aliongeza. "Agness. Ana miaka kumi na mitatu."

"Yuko wapi?"

"Sijui."

"Na namba unayo?"

"Ninayo tangu siku mama alipomchukua. Simu yake nimeishika mara ngapi, nikimchajia, nikimtafutia miwani. Sijaifungua. Nikijua aliko, nitapigwa mpaka niseme. Nisipojua, nitapigwa tu."

Agustina aliweka kalamu chini. "Nitaisoma mimi peke yangu. Nakuapia."

"Ukiisoma utaandika, au siyo?" Boke alisema taratibu, kama mtu aliyelipima neno hili tangu asubuhi. "Ukiandika inaingia kwenye faili. Faili inaenda mahakamani. Na aliyemuua mama atapewa aisome, maana ndiyo haki yake. Kama ni baba wa mmoja wa hao watoto, utakuwa umemletea mkononi kile alichokosa kwa mama."

Agustina alihisi aibu kidogo, kisha heshima kubwa.

*

Mkuu wake, Afande Joram, hakuwa na nafasi ya kustaajabu. Alisukuma karatasi mezani.

"Barua ya mkoani. Keshokutwa saa nne asubuhi wataalamu wanakuja na mashine ya kufungulia simu. Binti akileta ubishi, amri ya mahakama itatoka."

"Afande, mle mna watoto."

"Mle mna muuaji vilevile. Mwaka juzi nilimkosa muuaji kwa sababu ya simu iliyofungwa kama hii. Mama wa marehemu ananipigia mpaka leo, kila mwisho wa mwezi. Nimwambie nini? Kwamba serikali ilibisha hodi kwenye simu ikaambiwa isubiri nje?" Alivua miwani. "Nina mabinti watatu, Agustina. Usinitazame hivyo."

Agustina alirudi ofisini kwake. Boke alikuwa bado kwenye benchi, anasubiri kusaini maelezo. Simu ilikuwa mezani ndani ya bahasha ya vielelezo, imechomekwa kwenye umeme isije ikazima. Saa ya ukutani ilifika kumi na mbili jioni.

Simu ikalia. Ti.

Ikalia tena. Ti. Ti. Kisha ya nne, ya tano. Kwenye kioo yaliandikwa maneno mawili tu, ujumbe mpya, hakuna jina, hakuna namba. Koplo Daudi alisimama mlangoni, kikombe cha chai mkononi, akasahau kunywa.

"Nini hiyo?" Agustina aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nukta," Boke alijibu, midomo ikihesabu. "Kila nyumba inatuma nukta moja saa kumi na mbili. Hakuna maneno. Ina maana mtoto ni mzima, amekula, hajakamatwa. Mama alisema njiani zinakuwa zimefungwa, hata kampuni ya simu haioni ni nini. Kumi na saba. Kumi na nane."

Ofisi ile ilikuwa imesikia vilio na matusi ya kila aina, lakini Agustina hakukumbuka kuiona imetulia namna hiyo. Huko nje, katika nyumba ambazo yeye hakuzijua na hakutakiwa kuzijua, pengine moja iko kijijini kwao, jirani na mama yake, watu thelathini na mmoja walikuwa wameshika simu kwa wakati mmoja ili kusema jambo lile lile. Na aliyepaswa kulisikia alikuwa mochwari.

"Thelathini na moja," Boke alisema. "Wote wapo." Hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza.

Agustina alimwacha alie. Macho yake yalikuwa kwenye kitaa cha kijani. Kilionekana vizuri hata ndani ya bahasha, na asubuhi alikuwa amekiona akiwa katikati ya sebule. Aliyemwaga unga naye alikiona. Ilikuwa lazima akione.

"Boke," aliita. "Mumeo akienda kwa mama yako, anakaa wapi?"

"Mseti? Kwenye kiti cha mlangoni."

"Ameshawahi kuingia chumbani?"

Boke alimkodolea macho, machozi bado yanatiririka. "Afande! Chumba cha mama mkwe wake? Hata mkono hawajawahi kupeana. Miaka kumi na mitano, salamu ni ya mbali, yeye..."

Alikatiza. Mkono ukapanda mdomoni.

"Kile kitambaa alichofunikiwa mama," alisema.

*

Mseti aliletwa Jumanne jioni. Alikuwa mfugaji, mtu mrefu, anayesikilizwa na rika lake. Aliketi wima. Agustina alimsomea onyo, akamweleza haki ya kuwa na wakili au ndugu. Alikataa vyote viwili.

"Jumapili mchana ulikuwa wapi?"

"Malishoni."

"Na nani?"

"Na ng'ombe."

"Ng'ombe hawatoi ushahidi, baba Agness. Fimbo yako iko wapi?"

Mseti alitazama mkono wake wa kuume, mtupu juu ya goti. "Imevunjika."

"Lini?"

"Juzi."

"Juzi ni Jumapili."

Koplo Daudi aliandika. Agustina alitoa picha ya kitambaa cha meza, akaiweka mbele yake. Mseti aligeuza uso pembeni haraka, kabla hata ya kuona ni picha ya nini.

"Umegeuza uso," Agustina alisema. "Jumapili pia uligeuza. Ndiyo maana mguu mmoja ulibaki nje."

"Siongei kitu."

"Sawa. Tusubiri."

Aliiweka bahasha yenye simu katikati ya meza, kioo kikitazama chini. Walikaa. Dakika nne zilipita. Saa kumi na mbili kamili simu ikalia. Ti.

Mseti alishtuka. Ti. Ti.

"Hiyo nini?"

"Watoto. Kila mlio ni mtoto mmoja, anasema yuko hai na yuko salama."

Mtu yule mkubwa aliinama kidogo kuelekea mezani. Mlio ukafuata mlio. Midomo yake ikaanza kuhesabu, vilevile kama ya mke wake jana yake.

"Agness yumo?"

"Yumo."

"Ni upi?" Sauti ilikwaruza. "Upi ni wake, afande?"

"Sijui. Hakuna anayejua hapa. Aliyejua alikuwa mama mkwe wako."

Ulipokwisha mlio wa thelathini na moja, Mseti alikaa akiitazama bahasha. Jasho lilimtoka, kisha machozi, naye hakufuta chochote.

"Niliiona," alisema.

"Uliona nini?"

"Simu. Ilikuwa kitandani pale, inawaka. Nilichana makochi, nikamwaga unga, nikasema labda kuna daftari, labda kuna karatasi ameandika. Nilitafuta kila mahali ili nisilazimike kuitazama ile."

"Ulikuwa peke yako, naye amekwisha kufa. Ilikuwa hatua tatu. Kwa nini hukuichukua?"

Alimtazama Agustina kwa mshangao wa kweli. "Ningepitaje, afande? Ni chumba cha mama mkwe."

Kalamu ya Daudi ilisimama.

"Na kumuua?"

"Sikumgusa. Maisha yangu yote sijamgusa hata kidole. Fimbo ndiyo ilimgusa." Alifunika uso. "Rika langu wote binti zao wako kwenye orodha ya kukeketwa mwaka huu. Wangu peke yake hayupo. Nikifika kwenye pombe wanasogea mbali, wananiita mtu aliyeibiwa mtoto na mwanamke. Jumapili nilisimama mlangoni nikamwuliza kwa heshima yote. Alisema, 'Agness ni mzima, mkwe wangu. Hilo likutoshe.' Akanipa mgongo, akainama kuokota madaftari. Akanipa mgongo, afande, kama mimi si baba. Mkono ukaenda."

"Alipoanguka?"

"Nguo ilipanda. Nikavuta kitambaa, nikatupa, nikafumba macho."

Kabla ya usiku alirudia maneno yale mbele ya mlinzi wa amani, yule anayeandika maungamo ya watuhumiwa, akataja na mahali alipoitupa fimbo. Ilipatikana kwenye shimo la zamani la wachimbaji, Matongo, vipande viwili, damu bado imeshika.

*

Jumatano saa nne wataalamu walifika na sanduku lao jeusi. Afande Joram alisoma ungamo lote akiwa amesimama, akarudia ukurasa mmoja mara mbili.

"Kazi nzuri," alisema. "Lakini barua ya mkoa bado ipo. Simu ni ya marehemu, ilikuwa eneo la tukio."

"Ndiyo, afande."

"Nipe sababu moja ya kuandika isifunguliwe."

Agustina alisimama wima. Alijua akikosea hapa, wasichana thelathini na mmoja wangerudishwa nyumbani kabla ya wiki kwisha. "Muuaji mwenyewe aliishia kwenye pazia, afande. Aliitaka kuliko sisi, na hakuna aliyekuwa anamwona."

Mtaalamu mmoja alianza kufungua sanduku.

"Funga hilo," Joram alimwambia. Alichukua kalamu, akaandika chini ya barua: Kesi imekamilika kwa ushahidi mwingine. Simu haikufunguliwa. Irudishwe kwa familia. Akasaini, akapiga mhuri.

Jioni ile Agustina alimpeleka Boke Nyangoto. Sebule ilikuwa imefagiliwa, unga hakuna tena. Boke aliipokea simu kwa mikono miwili, akaingia chumbani kwa mama yake, akashusha pazia. Agustina alikaa kwenye kiti cha mlangoni.

Saa kumi na mbili milio ilianza. Aliihesabu yote. Baada ya hapo zilipita dakika nyingi, na aliona tu kivuli cha mwanamke amekaa ukingoni mwa kitanda, mwanga wa kioo usoni.

Boke alitoka, macho mekundu.

"Umemwona Agness?"

"Nimewarudishia nukta wote, wajue kuna mtu." Alifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Majina nimeyaziba kwa kiganja. Baba zake wadogo, ndugu za Mseti, bado wako pale nyumbani, afande, na mimi nalala huko."