Kabati Lisilotakiwa Kukwanguliwa

Siku hiyo nyumbani walikuwa wanne: Zenaide, binti yake Dalva, wa miaka minne, Querubina, shangazi wa marehemu mumewe, na Otacílio, seremala wa jirani, aliyefika na ndoo ya maziwa ya ng'ombe wake bila kuombwa. Ilikuwa asubuhi ya Juni, na milima yote ya Minas, huko Brazili, ilikuwa imejifunika ukungu.

Kabati lilikuwa la zamani, la mbao nzito, limepakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka. Zenaide alitaka liwe la nguo za Dalva. Lakini mtoto alikuwa na kifua kibovu, na harufu ya rangi ya mafuta ilimbana pumzi hadi midomo ikapauka. Ndiyo maana Otacílio alishauri rangi ya kizamani: maziwa yaliyoganda, chokaa, na unga wa buluu aliouchagua Dalva mwenyewe.

"Wewe Otacílio, unapaka kabati au unatengeneza jibini?" Querubina alimtania.

"Ukishikwa na njaa, uje ulambe mlango."

Dalva alicheka hadi akakohoa. Otacílio akamsugua mgongo taratibu mpaka kikohozi kikatulia.

"Ila rangi ya maziwa haishiki juu ya mafuta," alisema. "Lazima tukwangue mpaka tuikute mbao."

Querubina aliacha kucheka. "Nyumba hii hatukwangui. Tunapaka juu."

"Kwa nini, Shangazi?"

"Ndivyo Mama alivyosema. Paka juu, mwanangu."

Zenaide alimsikiliza mtoto wake akihema, kifua kikikoroma. Akachukua patasi.

Wakakwangua kijani, kisha njano, kisha nyeupe. Kufika saa sita mchana mbao ilikuwa wazi. Zenaide aliigusa. Ilikuwa na joto, kama paji la uso la mgonjwa wa homa.

"Ni jua," Otacílio alisema.

Jua lilikuwa upande wa pili wa nyumba.

Wakapaka. Rangi ya maziwa hukauka kabla kahawa haijapoa. Walikunywa vikombe viwili viwili, wakala mikate ya jibini, na mlango bado ulikuwa mbichi. Katikati yake palikuwa na alama ya kiganja. Kidogo.

"Dalva! Umegusa?"

Mtoto alionyesha mikono yake. Misafi. Alikuwa amekaa mapajani mwa Querubina muda wote.

Otacílio alipitisha brashi. Alama ikafutika. Wakasimama wakitazama. Ikarudi, kidole baada ya kidole. Na rangi haikubonyea kwenda ndani. Ilivimba kuja nje.

Querubina alianza kulia bila sauti.

"Eulália," alinong'ona. "Mdogo wangu. Alikuwa wa miaka minne. Siku Mama alipopaka hiyo nyeupe, alikuwa anacheza ndani ya kabati. Mama alifungua mlango, hamna mtu. Lakini mbao zilikuwa zinagonga. Akapaka nyingine juu, na nyingine, mpaka zikanyamaza."

"Mbona hukusema, Shangazi?"

"Nilikuwa na miaka sita. Niliambiwa nimeota."

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Uani jua lilikuwa linawaka. Zenaide alimbeba Dalva akapiga hatua tatu.

"Mama, ananishika."

Mkono wa kulia wa mtoto ulikuwa umenyooka nyuma, kuelekea kabatini. Kamba hakuna. Mtu hakuna. Zenaide alivuta. Bega likalia, na Dalva akapiga yowe. Otacílio aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili mipana, akauvuta utoke upande wa kabati. Haukusogea.

"Achia," alisema, machozi yakimtoka. "Utamng'oa mkono."

Basi Zenaide akarudi. Hatua moja. Nyingine. Mama mwenyewe ndiye aliyempeleka.

Kiganja kikakaa juu ya kiganja. Vilitoshana.

Querubina alisali. Otacílio aliumwagia mlango wa kabati maji ili rangi itoke, na maji yakateleza. Zenaide hakuwa na la kufanya ila kumkumbatia mwanawe kwa nyuma na kumpulizia shingoni, kama alivyozoea kumbembeleza akibanwa na kifua.

"Usilie, Mama," Dalva alisema. "Anaogopa giza tu."

Saa ikapita. Kisha mlango ukatoa mlio mdogo, na rangi ikakauka yote kwa pamoja. Mkono ukaanguka. Mlango ulikuwa laini, wa buluu, bila alama yoyote. Dalva akaomba mkate.

Hawakuthubutu kulichoma kabati, wala kulipaka tena.

Dalva alipofika miaka kumi na sita alikwenda kuchukua kitambulisho. Karani alimpaka wino vidoleni, akavibonyeza kwenye karatasi, akavifuta, akarudia mara tatu. Vidole vya mkono wa kulia vilitoa madoa matano meusi, laini, yasiyo na mstari hata mmoja.