Swali Alilolimeza Fathiya

Kila Jumamosi Fathiya alifuatana na mama yake, Bi Mwanakhamis, kwenye maduka ya nguo ya Barabara ya Zhanqian, mjini Guangzhou. Mama alinunua magauni ya kupeleka Dar es Salaam. Kichina chake kiliishia kwenye bei, basi mengine yote aliyasema Fathiya, naye akivimba kichwa kwelikweli.

Jumamosi hiyo hawakwenda. Maulid, mdogo wake, aliamka mwili unachemka. Mama akambeba hadi kwa Bibi Chen, muuza dawa za mitishamba wa mtaani kwao. Yeye huchemsha maua makavu na mizizi, ikawa chai chungu ya kuondoa joto mwilini.

Bibi Chen akamtazama Maulid ulimi, kisha akamuuliza Fathiya kama mtoto ametoka safari, mahali penye mbu.

Likizo iliyopita walikuwa Muheza kwa bibi yao, na kazi ya Fathiya ilikuwa kumshushia Maulid chandarua. Lakini Fathiya alishikwa na michezo ya simu, akapuuza. Mama akijua, ole wake.

"Anauliza kama amekula vya kukaanga, vinavyoleta joto mwilini," akamwambia mama.

"Jana amekula chipsi," mama akajibu.

Fathiya akamgeukia Bibi Chen, akasema hawajasafiri popote, ni chipsi tu. Chai ikachemshwa.

Maulid alikunywa, akatoka jasho, akapoa. Fathiya akashusha pumzi. Lakini jioni mtoto alianza kutetemeka chini ya blanketi, meno yakigongana, akawa anazungumza na mtu asiyekuwemo chumbani. Mama akainua kikombe ampe chai tena. Fathiya akamshika mkono.

"Mama, usimpe. Sikukwambia alichouliza."

Akasema yote huku akilia. Mama hakumgombeza, na hilo lilimtisha zaidi. Alimfunga Maulid mgongoni kwa kanga, wakakimbilia hospitali. Huko Fathiya alitafsiri kila neno, hata la chandarua. Damu ikapimwa, ikaonekana malaria. Daktari alisema kama wangengoja mpaka asubuhi, asingeweza kuwaahidi kitu.

Maulid alipopata nafuu, kitu cha kwanza alichoulizia ni chipsi. Mama akacheka, kisha akamvuta Fathiya karibu.

"Chandarua ningekugombeza, yakaisha," alisema. "Na chai ya Bibi Chen haina kosa, yeye aliuliza. Lakini mji huu mimi nausikia kwa masikio yako, mwanangu. Ulipolimeza lile swali, uliniacha kiziwi, na ndugu yako anakufa mikononi mwangu. Anayemsemea mgonjwa husema yote."