Tundu la Kifungo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule Pini alikuwa na kazi tatu: kufagia vipande vya vitambaa, kujaza uzi kwenye bobini za cherehani, na kuokota pini zilizoanguka sakafuni jana yake. Kazi hiyo ya tatu ndiyo iliyompa jina. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na tangu akiwa mdogo alikuwa akizichomeka pini anazookota kwenye ukosi wa nguo yake, kiasi kwamba wateja waliogopa kumkumbatia.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Chumba chao cha mbele ndicho kilichokuwa mahali pa kazi. Cherehani ilikaa karibu na dirisha, meza ya kukatia ilikuwa katikati, na futi ya kupimia ilining'inia shingoni mwa mama tangu asubuhi hadi jioni. Kila fundi ana kitu anachojivunia. Wengine hujivunia makoti, wengine suruali. Mama yake Pini alijivunia matundu ya vifungo. Aliyashona kwa mkono, taratibu, mshono mmoja ukiegemea mwenzake.

"Kifungo hakitakiwi kuingia ovyo kama mbuzi shambani," alikuwa akisema. "Kinatakiwa kibishe hodi kwanza."

Kitu kimoja tu kilimuudhi katika kazi yake: mteja anayebana tumbo wakati wa kupimwa. Kinyozi wa mtaa ule alikuwa bingwa wa mchezo huo. Siku moja alirudi na suruali yake mpya mkononi, mshono wa nyuma umepasuka.

"Fundi, umenishonea suruali ya mtoto!" alilalamika.

"Mimi nimelishonea tumbo ulilonionyesha," mama akamjibu. "Hili ulilokuja nalo leo ndiyo kwanza tunakutana."

Pini alicheka mpaka akajichoma.

Kisha vidole vya mama vikaanza kugoma. Asubuhi viliamka vimevimba na vimekakamaa, havikunjiki wala havinyooki vizuri, na kufikia saa nne au saa tano ndipo vilipolegea kabisa. Mama alisema ni uchovu. Alijikaza kisabuni wiki baada ya wiki, akawa anahamishia kazi ndogondogo mchana. Ila asubuhi moja mkasi ulimponyoka, ukaanguka sentimita chache tu kutoka mguuni mwa Pini. Siku hiyo hiyo wakaenda hospitali.

Baada ya vipimo vya damu na picha za mikono, daktari aliwaita. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole na miwani iliyopenda kuteleza puani.

"Mama, huu ni ugonjwa wa baridi yabisi," alisema. "Jina lisikudanganye. Hukuupata kwa kufua na maji baridi. Kinga ya mwili wako imechanganyikiwa. Badala ya kupigana na vijidudu, inashambulia viungo vyako mwenyewe."

"Ugonjwa huu una dawa?" mama aliuliza.

"Ipo. Ni vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki, na tutakuwa tukipima damu yako mara kwa mara kuhakikisha vinakwenda sawa. Ushauri wangu ni tuanze mapema. Uvimbe tunaweza kuutuliza, lakini kiungo kikishaharibika, dawa hairudishi."

Mama alivitazama vidole vyake. "Daktari, msimu wa sare za shule ndio huu. Nina mashati zaidi ya mia. Nikianza dawa ikanisumbua, nani atashona? Si nisubiri kwanza? Labda hali hii itapungua yenyewe."

Daktari alisukuma miwani yake juu. "Mwili ni wako na uamuzi ni wako. Hata hivyo lazima tusubiri majibu ya ini na figo, na hayo yatachukua wiki mbili. Tuzitumie vizuri. Kila asubuhi uhesabu dakika tangu unapoamka hadi vidole vinapofanya kazi ya kawaida. Chagua kazi moja, iwe hiyo hiyo kila siku. Ukirudi, tutaamua kwa kuangalia hesabu hiyo."

"Kufunga kifungo cha shingoni cha shati la huyu," mama akasema bila kufikiri mara mbili, akimwonyesha Pini. "Tundu lake nimelishona mwenyewe."

Ndipo Pini akapewa daftari dogo na kalamu, na kazi yake ya nne.

Siku ya kwanza aliandika dakika sabini na tano. Ya pili, themanini. Ya tatu, sabini. Pini alikaa mbele ya mama yake na shati la shule, kidevu juu, saa ya mezani pembeni. Kila baada ya dakika tano mama alijaribu, akasikia maumivu, akaacha. Alikuwa akitabasamu ili mtoto asiogope, na tabasamu hilo ndilo lililomtia Pini hofu.

Jioni ya siku ya tatu alikuja jirani yao, mwenye duka la nyuzi na zipu. Huyu alijua habari za watu wote isipokuwa zake. Pini alikuwa uani akifua shati lake, maneno yakawa yanamfikia yote.

"Shoga, usithubutu!" jirani alisema. "Shangazi yangu alizianza dawa hizo hizo. Hata mwaka haukuisha, vidole vikapinda, akawa hashiki hata kikombe. Ukishazianza, ndiyo basi tena!"

Pini alibaki na shati mkononi, maji yakimchuruzika hadi kwenye viwiko. Ugonjwa wa mama alikuwa ameshauzoea, lakini dawa hakuijua, na kwake ikawa inatisha kuliko ugonjwa wenyewe. Akilini akamwona mama yake akishindwa kushika kikombe. Akaona cherehani imefunikwa shuka. Akakumbuka maneno ya daktari, kwamba wataamua kwa kuangalia hesabu. Basi, akawaza, hesabu ikiwa nzuri, dawa haitahitajika.

Shati lilipokauka, alichukua kiwembe mezani, akakata nyuzi mbili tatu za mwisho wa lile tundu la shingoni.

Asubuhi ya siku ya nne kifungo kiliingia baada ya dakika hamsini na tano. Mama alishangaa. Siku iliyofuata Pini akaongeza kukata kidogo, zikawa arobaini na tano. Kufikia mwisho wa wiki ya pili zilikuwa ishirini na tano tu. Vidole vya mama asubuhi vilikuwa na ganzi, haviwezi kupapasa mshono, na baada ya kifungo kufungwa ukosi ulifunika kila kitu. Na shati alilifua Pini mwenyewe.

"Ajabu," mama alisema, akivigeuza viganja vyake. "Maumivu nayasikia yale yale, lakini kifungo kinaingia. Huenda ninajidekeza tu." Hakuacha kulitazama daftari. Alitaka sana kuliamini, na mtu akitaka sana kuamini jambo, haulizi maswali mengi.

Pini naye alitarajia kufurahi. Badala yake alikuwa akila bila hamu, na kila alipoandika namba alikuwa akiifunika kwa mkono, kana kwamba namba yenyewe ingeweza kusema.

Walirudi kwa daktari saa tano asubuhi. Pini alikuwa na ruhusa kutoka shuleni, naye alivaa sare yake.

"Ini na figo ni salama," daktari alisema, kisha akalifungua daftari. Nyusi zake zikapanda. "Kutoka sabini na tano hadi ishirini na tano? Bila dawa?"

"Ndiyo," mama akajibu, uso umechangamka. "Kwa hiyo daktari, nimeamua. Nitasubiri msimu upite. Hata mwaka mzima, kama hali itaendelea hivi."

Daktari aliishika mikono ya mama, akabonyeza kiungo kimoja baada ya kingine. Mama alikunja uso. "Viungo vilivyovimba vimeongezeka," daktari alisema. "Na damu uliyopimwa juzi inaonyesha uvimbe umezidi. Daftari linasema hivi, vidole vinasema vile. Sielewi. Hebu nionyeshe hicho kifungo."

Mama alimgeukia Pini, akafungua kifungo, akakifunga. Kiliingia mara moja. Lakini sasa ilikuwa saa tano, na vidole vyake vilikuwa vimeshalegea na kupata hisia zake za kifundi. Akakifungua tena. Akapitisha kidole gumba ukingoni mwa tundu, polepole.

"Hakikubisha hodi," alisema kwa sauti ndogo.



"Labda limechakaa kwa kufuliwa," mama akaendelea, akimwambia daktari. "Shati lenyewe lina mwaka sasa."

Mlango wa kukwepa lawama ulikuwa umefunguliwa, na haukufunguliwa na mwingine bali mama mwenyewe. Pini angenyamaza tu, jambo lingekwisha hapo. Hakuna aliyekuwa anamtuhumu. Mama angerudi nyumbani na furaha yake, na dawa isingeingia ndani ya nyumba yao. Akavitazama vile vidole vilivyokuwa bado vimeshika ukosi wake. Vilikuwa vimevimba kuliko wiki iliyopita. Alikuwa ameliona hilo kila siku, na kila siku alikuwa akiandika kinyume chake.

"Halikuchakaa," alisema. Machozi yakaanza kumtoka kabla ya maneno kwisha. "Nimelikata mimi. Kwa kiwembe. Nililikata kidogo kidogo ili hesabu ishuke. Jirani alisema dawa itakupindisha vidole, mama. Niliogopa usije ukashindwa kushona."

Mama aliachia ukosi.

"Pini," alisema, "unamkumbuka kinyozi na suruali yake?"

Pini alitikisa kichwa kukubali.

"Aliponibania tumbo, nani alidanganywa?"

"Wewe."

"Na suruali ilimpasukia nani?"

Jibu lilikuwa wazi, nalo lilimchoma kuliko pini yoyote.

"Umelibana tumbo langu, mwanangu. Umefanya kwa mapenzi, najua, na mimi mwenyewe nilikuwa nikitaka kudanganywa. Nilisikia maumivu, nikachagua kuamini namba. Lakini daktari naye ni fundi. Tukimpa kipimo cha uongo, nguo itampasukia mgonjwa." Akamfuta machozi kwa ncha ya futi, maana hata hospitali alikuwa amekuja nayo shingoni. "Umesema kweli wakati ungeweza kunyamaza. Hilo nalo nimeliona."

Daktari alivuta kiti chake karibu na Pini. "Sasa tuizungumzie hiyo hofu yako, maana uliibeba peke yako. Dawa hii inaweza kuleta kichefuchefu, na ndiyo maana tutakuwa tukipima damu. Haifanyi kazi siku moja. Itachukua wiki nyingi, na isipomfaa mama yako, ziko nyingine tutakazojaribu. Ila vidole havipindishwi na dawa. Vinapindishwa na ugonjwa ulioachwa."

Mama aliinua kichwa. "Basi tuanze, daktari. Wiki hii hii."

Jioni ile jirani alikuja kuuliza habari. Mama alimkaribisha, akamuuliza kwa upole, "Shoga, shangazi yako aliugua muda gani kabla ya kuanza dawa?"

"Mmh... miaka sita hivi. Alikuwa akijichua mafuta tu."

"Na vidole? Vilikuwa vimeshaanza kupinda?"

"Eh, vilikuwa vimeshaanza," jirani alikiri, kisha akakumbuka kwamba ameacha duka wazi.

Kidonge cha kwanza kilimezwa siku iliyofuata, na Pini akaizungushia siku hiyo duara kwenye kalenda, moja tu kwa kila wiki, kama walivyoagizwa. Kabla ya hapo mama alilishona upya lile tundu, likawa jembamba kama zamani. Daftari lilianza ukurasa mpya.

Haikuwa rahisi. Wiki za kwanza mama alisumbuliwa na kichefuchefu kila alipomeza dawa, na mashati mengine ilibidi awagawie mafundi wenzake. Wiki ya tatu hesabu ilikuwa bado sabini. Mkono ulimwasha Pini kuandika arobaini, lakini aliandika sabini. Wiki ya sita, hamsini na tano. Wiki ya kumi, thelathini. Na asubuhi moja, maji ya chai yakiwa bado hayajachemka, mama alimwita, akamshika ukosi, akakisukuma kifungo. Kilisita kidogo mlangoni, kisha kikaingia.

"Dakika kumi na tano," Pini alisema.

"Na tundu?"

"Lile lile jembamba."

Mama alicheka kwa sauti, akamkumbatia, pamoja na pini zake zote. "Basi hiyo ndiyo namba ninayoweza kuitegemea," alisema. "Ukimpenda mtu, mwanangu, usimpe kipimo anachokitaka. Mpe kilicho cha kweli, hata kama kinauma, ili ajue la kufanya mapema."

Jumamosi ile kinyozi alikuja kushonesha suruali nyingine. Mama alikuwa dirishani akishona tundu la kifungo kwa mkono, kwa hiyo futi akapewa Pini. Kinyozi alisimama wima, akavuta pumzi ndefu, na tumbo likapotea.

Pini alisubiri na futi mkononi.

"Pumua tu, mjomba," alisema. "Sina haraka."

Kinyozi alijitahidi kadiri alivyoweza. Mwishowe akapumua, tumbo likarudi mahali pake lote, na Pini akaiandika namba jinsi ilivyokuwa.