Santuri Iliyoitwa Wusi

Saa kumi na mbili kasoro jioni nilifika kwenye ofisi ya vifurushi mjini Voi, nikamkuta Mwanamvita akianza kufunga. Ananijua. Kila mwezi mimi huchukua pale santuri zangu, zile sahani nyeusi za muziki ambazo wenzangu chuoni huniuliza kama nazipikia chapati.

"Lynn, mwanangu, afadhali umekuja," alisema. "Kifurushi chako sikipendi."

"Kimekufanya nini?"

"Chavuma."

Nilicheka. "Mama, hiyo ni santuri. Haina betri, haina waya. Bila sindano haiwezi hata kupiga chafya."

"Mimi nakwambia nilichokisikia. Tangu adhuhuri chavuma, nami nikasoma dua nilizozijua."

Alikisukuma kwa ncha ya rula. Hakukigusa.

Nilipokishika, kilikuwa na joto. Nikajiambia ni jua la dirishani. Nilikuwa nimeshafika barabarani nilipokumbuka kwamba dirisha lile linatazama mashariki.

Wacha nieleze kwa nini niliiagiza. Agosti iliyopita alikuja mwanamuziki mgeni kurekodi sauti za milima yetu. Baba mdogo, Mwandawiro, ndiye aliyempeleka Wusi, hadi kwenye pango ambalo wazee wa zamani waliweka mafuvu ya wazee wao. Akamchukua mdogo wangu Shanice, wa kidato cha tatu, awe mkalimani. Shanice alipanda kilima akiimba. Siku ya tatu baada ya kurudi, aliamka hana sauti.

Hata mnong'ono.

Daktari alimulika koo, akasema ni zima. Mama akamkimbilia Mungu. Jioni hiyo ninayosimulia alikuwa kwenye maombi Mbololo, amepeleka jina la Shanice. Mimi nilimkimbilia Mwandawiro. Siku ya Krismasi, mbele ya ukoo mzima, nilimwuliza: "Sauti ya mtoto umempa nani, mchawi wewe?" Tangu siku hiyo sijamwita baba mdogo.

Halafu albamu ikatoka. Jina lake, Wusi. Ni tekno, lakini si ile ya kuruka klabu. Hii ni ya taratibu, ya kusikiliza ukiwa umelala chali. Wusi! Walimwomba nani ruhusa ya hilo jina? Nilitaka ushahidi, na ushahidi nilikuwa nimeubeba kwapani.

Nyumbani kwetu Mraru, Shanice alikuwa anasonga ugali. Alipoona kava akaacha mwiko, akachukua daftari lake. Akaandika: *Usiiweke.*

"Nasikiliza tu," nikasema. "Niandike maoni yangu kwenye grupu ya wapenzi wa santuri kama kawaida."

Nikaiweka.

Ilianza na mvumo wa chini kabisa, ule unaousikia kwa meno kabla ya masikio. Nikaanza kuandika kwenye simu. *Besi nzito, kama lori tupu linalopita ukiwa usingizini. Ngoma iko mbali, kama mtu anayetwanga ndani ya nyumba iliyofungwa. Kila pigo linachelewa kidogo, mpaka moyo wako unaanza kulingoja.* Ulikuwa muziki mzuri, jameni. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Dakika ya saba ngoma ikakoma.

Ikaja harufu. Udongo uliolowa, na moshi wa kale... Mraru haikuwa imeona mvua kwa wiki sita.

Kisha msichana akaongea ndani ya santuri, kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, polepole. Alikuwa anataja majina yetu. Baba, marehemu. Mama. Mwandawiro. Lynn.

Ilikuwa sauti ya Shanice.

Mzee mmoja akamjibu. Hakuwa yule mgeni. Hakuwa Mwandawiro.

"Na mwenye hasira yuko wapi?"

"Yuko chuo," sauti ya mdogo wangu ikasema. "Atakuja."

Nyuma yangu mwiko ukaanguka kutoka sufuriani. Shanice alikuwa anatikisa kichwa, machozi yanamtiririka, anaandika mpaka karatasi inachanika: *Sikusema hivyo. Hakukuwa na mzee.*

Niliinua sindano.

Sauti haikukoma.

Nikachomoa waya ukutani. Sahani iliendelea kuzunguka.

"Mwenye hasira yuko wapi?"

Mlango ukafunguka. Mwandawiro, ambaye nyumba yake iko uani mwetu, alikuwa amesimama na kikombe cha bati chenye maji. Hakushangaa chochote. Niliandika hilo kichwani: hakushangaa.

"Nimesikia kutoka kwangu," alinong'ona. "Lynn, ongea polepole."

"Mwandawiro, ulimfanyia nini mtoto?"

"Siku hizi ni Mwandawiro tu? Kama mwanafunzi mwenzako?"

"Jibu swali."

Alikaa kwenye kigoda. Akaonekana mzee ghafla. "Pale pangoni huingii na hasira. Wazee wetu walikuwa wanatasa kwanza. Unachukua maji mdomoni, unataja moyoni kinachokukaba juu ya mtu wako, halafu unakipuliza nje pamoja na maji. Fuuu. Kimeisha. Mgeni alikuwa na haraka. Nikapita bila kutasa, na moyoni nilikuwa na kinyongo na baba yenu, tangu tugombanie shamba. Wale wa pangoni wakaishika sauti ya mtoto, mpaka ukoo ujisafishe."

"Basi tasa!"

"Nimetasa tangu Agosti. Kila Jumapili. Yangu imetoka, Lynn." Akanisogezea kikombe. "Imebaki yako."

Hapo nikamstukia. Nimekaa kwenye midahalo ya kutosha kuijua mbinu hii. Mshtakiwa akibanwa, anamgeuza anayemshtaki kuwa mkosaji. Jino kwa jino, hoja kwa hoja. "Ati wewe umpeleke mtoto kwa mafuvu, halafu kosa liwe hasira yangu? Hiyo ni hoja ama ni uganga?"

"Mimi sina hoja. Nina maji tu."

Shanice alinishika mkono. Akaninyooshea kidole kikombeni, kisha kooni mwake. Akaandika neno moja: *Tafadhali.*

Kwa ajili yake nikachukua kikombe. Nikajaza maji mdomoni. Yalikuwa baridi, yana ladha ya jiwe.

Mvumo ukashuka. Santuri ikatulia, kama mtu aliyezuia pumzi.

Nilitakiwa kusema moyoni: nimekusamehe. Neno moja tu. Nilimtazama Mwandawiro nipate kulisema. Hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa ananitazama mdomoni, kwa uchu, kama mtu anayengoja mtego ufyatuke. Ama labda kama mtu anayeomba. Hata leo sijui! Nikawaza, nikimsamehe, nani atajibu kwa kilichotokea? Kesi itafungwa, naye ataenda kulala.

Nikameza.

"Umemeza?" Mwandawiro aliruka. "Lynn, umeme—"

Neno likakatika katikati. Midomo yake iliendelea kwenda. Alijishika koo. Akafungua kinywa wazi kabisa, mishipa ya shingo imemtoka, na hakukutoka kitu. Niliweza kusikia matone ya maji kwenye sinki.

Sahani ikasimama.

Na mimi, Mungu anisamehe, wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba mpinzani hana la kujibu.

Sasa ni siku ya nne. Mwandawiro anashinda uani akichora mistari kwa kijiti, na watu wanaopita wanadhani amepatwa na kiharusi. Kila jioni Shanice ananiletea kikombe. Kila jioni najaza maji mdomoni, namtafuta moyoni mwangu huyo mtu wa kusamehewa, na ninapomfikia nakuta bado nina maswali. Alijuaje mapema kwamba maji yatahitajika? Kwa nini hakusema tangu Agosti? Napuliza maji na yanalowesha sakafu tu.

Jana Shanice aliandika: *Msamehe.*

Nikamwambia, "Nithibitishie kwanza kwamba si yeye."

Akaandika: *Na kama ni yeye? Mimi niendelee kunyamaza?*

Nikachukua tambara, nikapangusa maji sakafuni.

Leo asubuhi Mama alipiga simu kutoka Mbololo. Waliongeza siku za maombi. Sauti yake ilikuwa na furaha. "Lynn mama, nimeota Shanice anaimba! Hebu mpe simu nimsikie anavyopumua. Mwandawiro naye mbona hashiki simu?"

Nilifungua kinywa nimweleze yote. Lakini kabla ya maneno kikaja kitu kingine, kutoka chini, kidogo tu. Nani aliyemruhusu mtoto aende kule, kama si Mama? Nani alisema, nenda, utafanya mazoezi ya Kiingereza?

Sikulisema. Naapa sikulisema. Nililiwaza tu.

"Lynn?" Mama alisema. "Mbona... Ly..."

Akakohoa mara moja.

Halafu nikasikia mvumo.