Tangazo la Ndoa Lisilo na Ubini

— Deus, mbona wamenisoma bila ubini?

Rozi aliuliza hapohapo nje ya kanisa la Chapwa, watu bado wanatoka misani. Katekista Watson alikuwa amesoma tangazo lao la ndoa kwa mara ya pili. Wachumba wengine walitajwa majina kamili, na wazazi wao, na vigango vyao. Yeye alisomwa "Rozi" tu, kama mtoto wa kuokotwa.

— Ameruka bahati mbaya, — alijibu Deus huku akimpungia mzee mmoja. Anagombea ubunge, na mkono wake siku hizi haushuki.

— Jumapili iliyopita hakuruka.

— Tutaongea, mpenzi. Watu wanatuangalia.

Rozi akamwacha na watu wake, akamfuata katekista sakristia.

— Mwalimu, jina la baba yangu limeenda wapi?

Mzee Watson alikunja kanzu yake taratibu. Uongo haukuwa fani yake.

— Nisamehe, mwanangu. Mchumba wako alikuja Ijumaa. Aliomba jina la Mbonile lisitajwe mpaka uchaguzi upite.

Mjini wanamjua Mbonile mmoja tu, Osward, kaka yake Rozi, aliyemuua dereva wa bodaboda akahukumiwa kunyongwa. Aliua kweli. Rozi hajawahi kulikana hilo. Siku ya hukumu, mama yao, Enesi, alijilaza chini kule Mbozi, akakataa kula. Deus, enzi hizo mwenyekiti wa walei, ndiye aliyefunga safari akakaa naye jikoni. "Mama, Kanisa haliikubali adhabu ya kifo. Hata aliyeua bado ni mtu wa Mungu. Nitalisema hili popote." Mama akainuka, akala. Rozi akampenda kwa neno hilo, na posa ikapokelewa kwa neno hilohilo.

Jumatatu Rozi yuko ofisini anajaza nyaraka za maroli yanayovuka mpaka kwenda Nakonde, simu ikalia mlio wa ujumbe. Ni shoga yake Leah, na video: "Huyu si wako?"

Deus alikuwa juu ya gari la kampeni, rozari shingoni, madereva wa bodaboda wamemzunguka. Wiki hiyo mwenzao mwingine alikuwa ameuawa.

"Mimi Mkatoliki natetea uhai tangu tumboni mwa mama! Na aliyeua, anyongwe! Nipelekeni bungeni, kamba ianze kazi!"

Pikipiki zikanguruma kwa furaha, naye akabusu ile rozari. Rozi alisukuma nyaraka pembeni, akatoka nje ya ofisi. Huko akampigia simu.

— Umesema kaka yangu anyongwe.

— Sikumtaja Osward. Na unajua nchi hii miaka mingi hakuna anayenyongwa. Yale ni maneno ya jukwaani tu.

— Na yale ya jikoni kwa mama?

Deus alishusha sauti.

— Yale ni imani yangu. Hii ni siasa. Nikiwaambia bodaboda mafundisho ya Kanisa, nani atanipa kura?

— Binti wa watu akitaka kutoa mimba, unayajua mafundisho. Yakifika kwa Osward, unayasahau.

— Rozi, usiwe mtoto. Tukishinda, nitamsaidia kimyakimya.

— Unanitia kinyaa, Deus. Bora hata ungekuwa na mwanamke mwingine.

Akakata. Jioni ikaja meseji: "Basi nimeongea na katekista. Jumapili utasomwa jina lako lote. Umefurahi sasa?"

Kumbe mwanaume aliona kosa lake ni kuruka jina tu. Rozi akazima simu. Kesho yake alikwenda kwa paroko, akatoka huko macho makavu.

Jumapili ya tatu, Deus alikaa benchi la mbele na wapambe wake. Katekista Watson akasoma wachumba wote mpaka wa mwisho, akafunga daftari. Wao hawakusomwa. Kanisa zima likageuza shingo.

Nje, Deus akamkuta Rozi amesimama na mama yake, aliyeshuka kutoka Mbozi alfajiri.

— Umemwambia nini paroko?

— Aliuliza kama kuna kizuizi cha ndoa. Nikamwambia ni mimi.

— Unaniaibisha kwa ajili ya muuaji?

Kisha akamwona Enesi, akainamisha kichwa haraka, na ile sauti ya jikoni ikamrudia.

— Shikamoo, mama.

Enesi hakuitikia. Alimtazama kama mtu anayetazama chakula kilichochacha.

— Mwanangu aliua, baba, na mimi hilo nitakwenda nalo kaburini. Lakini jaji alipomuuliza, alisimama mbele ya watu akasema, ni mimi. Wewe umeshindwa hata kusema mbele ya watu unamuoa binti wa nani.

Wapambe walitazama viatu vyao. Enesi akamshika Rozi mkono, wakaenda kutafuta gari la kuwapeleka gerezani. Siku hiyo ilikuwa zamu yao ya kumwona Osward.